Nani Atamrithi Évariste

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo. Aurélie, kaa hapo upande wa miguu. Blaise, vuta kiti. Désiré, usisimame mlangoni kama mgeni, nimekuita mwenyewe, ingia ukae juu ya kreti ya soda na ufunge mlango, maana ni Jumamosi na watu wa ghorofa ya chini wameshaanza muziki wao. Daktari amesema moyo umepanuka na mapafu yanajaa maji, na alilisema hilo vizuri, kwa maneno machache, nikamshukuru. Kwa hiyo nitazungumza sasa, nikiwa bado napata pumzi ya kumaliza sentensi, nanyi mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mkinikatiza sina hakika kama nitarudi pale nilipoachia.

Nianze na vitu, maana ni vichache. Chumba hiki si chetu, lakini mwenye nyumba ameshakubali Aurélie abaki. Suti ya kijivu ni ya Blaise; ipunguzeni mabegani. Vitabu vyangu vya Kihispania, pamoja na kamusi isiyo na jalada, ni vya Blaise pia, na mbele mtaelewa kwa nini. Kizibao cha njano nilichovaa nikilinda magari ufukweni mpeni Léonce, ambaye alinipokea siku nilipofika mji huu na digrii yangu ndani ya bahasha, akanionyesha sehemu ya maegesho ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameishika. Viti vya plastiki ni vya kanisa, virudisheni vikiwa vimeoshwa. Mimi nizikwe hapa Durban, kando ya mama yenu, na mtu asilete habari za kusafirisha maiti mpaka Uvira. Shangazi zenu wakipiga simu kulalamika, waambieni niliamua nikiwa na akili zangu.

Vitu vimekwisha. Kilichobaki ndicho mnachogombania tangu mwezi uliopita, nyinyi wawili mbele yangu na Désiré kwa simu, mkidhani kwamba mgonjwa akifumba macho hasikii. Mnamgombania Évariste. Kesho alasiri ukumbi utajaa watu waliokuja kumwona mara ya mwisho, na mpaka sasa hakuna anayejua nani atasimama na maiki, wala atawaambia nini.

Nitalieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu kila mmoja wenu anajua kipande tu.

Jina lake halisi ni Evaristo Lozada. Alizaliwa Guayaquil, mji wa bandari huko Ekwado, mtoto wa fundi viatu. Alianza kwenye tamthilia za televisheni za kwao, akiwa padri kijana ambaye wanawake wanamlilia. Akahamia Meksiko, kisha Uhispania, kisha Marekani, na huko Marekani kazi yake ikawa kufa. Sisemi hivyo kwa mzaha. Nimeziona filamu zake zote zilizofika kwenye meza za wauza diski wa mji huu, na katika nyingi anaonekana dakika chache tu, amevaa mkufu wa dhahabu, anatoa vitisho kwa Kiingereza alichoelekezwa akiharibu makusudi, kisha shujaa anampiga risasi. Amekuwa mlanguzi wa Kolombia, jenerali wa nchi isiyotajwa, Mwarabu wa jangwani, daktari wa Kuba, mtunza bustani katika filamu moja ya Kifaransa. Ni mwigizaji mwenye macho ya mtu anayesikiliza, na kwa karibu miaka thelathini mabwana wa filamu hawakuona kazi nyingine ya kuyapa macho hayo. Hayo ndiyo maisha yake ya uigizaji, kama ningeyafundisha darasani.

Mama yenu aliyafundisha vingine.

Mwaka 2008, katika zile siku za kuwafukuza wageni, tulilala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na familia nyingine, Wakongo na Warundi, mikeka imebanana ukuta hadi ukuta. Blaise, ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ulikuwa umeacha kuzungumza. Hilo hujaambiwa, nami nakuambia leo kwa kuwa linahusika. Alasiri moja mke wa mchungaji alileta televisheni na filamu moja, ili watoto wasahau kidogo. Ilikuwa kwa Kiingereza na watoto hawakuielewa. Mama yenu, ambaye alikuwa ameuza vitenge sokoni Uvira na sauti yake ilitoka mwanzo wa soko mpaka mwisho bila kuchoka, alisimama kando ya televisheni, mtoto wa mtu mwingine mgongoni, akaanza kueleza kwa Kiswahili nani anasema nini. Alisimulia vizuri. Kisha Évariste, mlanguzi, akapigwa risasi akaanguka kwenye ngazi, na watoto wote wakaganda, kwa kuwa karibu kila mmoja wao alikuwa ameona mtu akianguka.

Mama yenu hakusita hata kidogo. Alisema, "Hajakufa. Anajifanya amekufa ili wamwache. Angalieni tumbo yake, si inapumua?"

Watoto wakasogea kwenye kioo. Na kweli tumbo lilikuwa linapumua, kwa kuwa yule ni mwigizaji na alikuwa hai.

Mmoja akauliza, "Sasa nani atamutoa pale?" Ulikuwa wewe, Blaise. Ndilo neno lako la kwanza baada ya siku nyingi. Mama yenu akajibu, "Watu wa kanisa iko njiani."

Baadaye, tulipokuwa tumepata chumba hapa Point, ilifika filamu nyingine, yenye jenerali, na sura ile ilipotokea watoto walipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta: amepona, ndiye, amepona! Tangu siku hiyo mama yenu alizisimulia filamu zote za Lozada kama maisha ya mtu mmoja. Alikuwa padri, akakimbia nchi yake. Akabeba madawa kwa sababu hakuwa na karatasi na hakuna aliyempa kazi. Akapigwa risasi, akapona, akabadili jina. Akafika jangwani akajifunza kusali Kiarabu ili wamkubali. Kila alipouawa, watu wa kanisa walimwokota. Jumapili alasiri, baada ya ibada, ukumbi wa chini ya ghorofa ulijaa watu wa salon, watu wa maduka ya simu, vijana wa viwanda vya Mobeni, na hakuna aliyewahi kuuliza jina la filamu. Waliuliza, "Leo Évariste amefika wapi?"

Mimi nilikuwa na Kihispania changu cha chuoni Lubumbashi na Kiingereza cha vitabu. Nilikaa nyuma ya mama yenu nikimnong'oneza maneno yenyewe, naye akachukua aliyoyataka. Nilimpinga. Nilimwambia, "Félicité, hawa ni watu mbalimbali. Kila filamu ina hadithi yake."

"Sura ni ya nani?"

"Ya mwigizaji mmoja."

"Basi ni muntu mumoja. Wewe, Uvira ulikuwa mwalimu. Kule kambini Kigoma walikuandika Mrundi, na ukaitika. Hapa iko mlinzi wa magari ya watu. Sasa nisemeje, niliolewa na wanaume watatu? Mbona sikupata mahari tatu?"

Nikarudi nyuma yake kunong'oneza.

Watu walimpokea Évariste zaidi kuliko mama yenu mwenyewe alivyotarajia. Léonce alikuwa akisimama katikati ya ukumbi na kumpigia kelele, "Eish, kaka, usiwape hiyo pasipoti, wataishika! Sema umeipoteza!" Mama Coletha, ambaye hajawahi kukosa Jumapili hata moja, alimtaja kanisani kati ya ndugu walio safarini, na mchungaji, asiyejua chochote, akamwombea kwa jina, na safu tatu za nyuma zikaitikia amina kwa nguvu isiyo ya kawaida. Nilitaka kucheka. Mama yenu alinikanyaga mguu.

Sasa, Désiré, hapa ndipo unapoingia. Mmekuwa wasimulizi wanne au watano katika mji huu, na mlijiwekea desturi ambayo haikuandikwa popote: mwigizaji ana mwenyewe. Aliyeanza kumsimulia ndiye anayemsimulia, na mwingine akipata filamu yake huipeleka kwa mwenye mwigizaji au huiacha mezani. Wewe kule Isipingo, nyuma ya stendi ya teksi, ulikuwa na Wachina wako wa kupigana, na hakuna mtu Durban anayewasimulia Wachina kama wewe; nimekuja kukusikiliza kwa siri mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka nikatoka nje. Mama yenu alikuwa na Évariste. Mliheshimiana. Lakini desturi ile haikusema mwenyewe akifa inakuwaje.

Félicité alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya kilio ulikuja, ukakaa, ukala, ukaniambia mbele ya watu, "Prof, mama amelala, na Évariste amebaki yatima. Nipe mimi. Nitamzika vizuri kuliko waziri." Watu walicheka, na wengine walicheka wakilia. Mimi sikucheka, na sijakusalimia tangu siku ile. Unapita kwenye robot, zile taa za magari za pale kona, mimi natazama taa. Leo nakwambia kwamba ulichosema kilikuwa mzaha wa mtu wa kazi yako, uliosemwa siku isiyofaa, na hakuna zaidi ya hapo. Limekwisha. Usijibu.

Kisha ikafika filamu hii ya mwisho. Lozada mwenyewe amesema hataigiza tena. Imetengenezwa kwao Guayaquil, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mtu mkuu, na kwa mara ya kwanza anasema Kihispania cha nyumbani kwake, kile cha kumeza herufi za mwisho, ambacho nchi nyingine zote zilimkataza. Anaigiza mzee aliyerudi baada ya miaka arobaini ugenini. Dada yake hamtambui mlangoni, anamuuliza, "Unamtafuta nani?" Anaingia, anatengeneza paa, anaugua, anakufa kitandani kwa dada yake. Hakuna bunduki.

Hapo ndipo mlipogawanyika. Aurélie, wewe una sauti ya mama yako, kila mteja wa salon anajua, na unataka kusimulia mpaka paa limetengenezwa, kisha uzime mashine na kuwaambia watu kwamba Évariste amefika nyumbani na anaishi vizuri. Umesema, "Mama asingemwua." Blaise, wewe unataka kuweka tafsiri ya maandishi chini ya kioo, neno kwa neno, pasiwe na msimulizi, watu wajue hatimaye kwamba hii ni sinema, yule ni mwigizaji, na kwamba walidanganywa miaka saba. Nawe Désiré umeshatangaza kule Isipingo, kwa spika, nimeambiwa maneno yenyewe: "Évariste anazikwa! Mlete taulo, leso haitoshi!" Na wengine wanakusubiri wewe, kwa sababu kucheka ni rahisi kuliko kungoja.

Nimesikia kila upande. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu kwenye kompyuta ya Blaise, hapa kitandani. Uamuzi ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye mrithi wa mama yenu, na huu ndio wosia wenyewe. Mengine yote yalikuwa nguo na viti.

Évariste nampa Aurélie. Kesho utasimama wewe, na utasimulia filamu yote. Hutakata dakika hata moja. Atakufa, nawe utakuwepo.

Ngoja. Nipe maji. Kidogo tu.

Nitakuambia sababu, kwa kuwa najua machozi hayo si ya kukubali. Mama yako alipokuwa hospitalini tulikuwa tumeshaambiwa. Daktari alizungumza nami, nami nikawaambia nyinyi wawili kwenye korido. Halafu tukaingia ndani, na kila mmoja wetu, na kila aliyekuja na uji na matunda, na Mama Coletha na maombi yake, tukamwambia atapona. Tulifanya kama yeye alivyotufundisha. Tulimwambia rangi imerudi, ameanza kula, Pasaka atakuwa nyumbani. Siku moja watu walipotoka aliniuliza, "Prof, tuko wapi kwenye hadithi?" Nikamwambia tuko katikati. Akanitazama kama alivyokuwa anamtazama msimulizi aliyeruka sehemu. Hakuniuliza tena. Alifariki Jumatano asubuhi wakati mimi niko kwenye foleni ya dawa na nyinyi mko kazini na shuleni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuaga, kwa sababu huwezi kumuaga mtu unayemwambia kwamba haendi popote.

Silaumu. Naeleza jinsi ilivyokuwa. Siku ile ya 2008 alikuwa sahihi. Mbele ya watoto wale, katika ukumbi ule, ningekuwa na sauti yake ningesema vilevile. Lakini watoto wale sasa wana ndevu. Wana watoto wao. Wameshazika watu katika mji huu na wengine wamezikwa, hata Aprili mwaka huu, wageni walipofukuzwa tena, tumezika, na hawahitaji tena kuambiwa waangalie tumbo la mtu. Wanahitaji mahali pa kukaa pamoja wakati mtu mmoja wanayemjua wote anakwenda, ili waone inavyokuwa.

Blaise, hutaweka maandishi. Hukudanganywa. Kila aliyekaa kwenye viti vile alijua kwamba Lozada ni mwigizaji, hata Mama Coletha, ambaye ana televisheni kubwa kuliko ya mchungaji. Walichokuja kusikia ni njia ambayo mtu kama wao anaweza kupita katika nchi sita akabaki na sura yake. Wewe utakaa pale nilipokuwa nakaa, nyuma ya dada yako, na kamusi yangu, na utamnong'oneza maneno yenyewe, hasa ya yule dada mlangoni. Yasibadilishwe. Najua utaniuliza ulichomuuliza Aurélie juzi: huyu bwana ni mzima, akighairi akatoa filamu nyingine mwakani, tutawaambia watu nini, amefufuka? Waambieni huyo ni mwigizaji anaitwa Lozada, kafanana sana na Évariste wetu. Watacheka. Watakuwa tayari kucheka.

Désiré, kesho utakaa safu ya mbele, umevaa vizuri, na ukipasua mzaha Léonce atakutoa, nimeshamwomba. Kuanzia Jumapili inayofuata filamu zile za zamani zote ni zako. Mfanye mlevi, mfanye mbunge, mtie kwenye ndoa za wanawake wanne. Mtu aliyekwisha kuzikwa kwa heshima anaweza kuchekwa na hapungui. Ulimtaka, umempata. Tikisa kichwa tu, inatosha.

Sasa sikieni la mwisho, nalisema polepole kwa sababu pumzi...

Ile sehemu ya kitandani. Dada yake amekaa anamenya ndizi, na yeye amelala anautazama mkono wenye kisu. Hakuna anayesema. Hakuna muziki. Inachukua dakika nyingi, kuliko sehemu kama hiyo katika filamu yoyote niliyoiona. Kisha dada anaacha kumenya. Ndiyo hiyo tu. Ndipo unajua.

Kazi yenu inawaambia msimulizi hanyamazi. Akinyamaza watu wanadhani umeme umekatika, au spika imeungua, wanaanza kupiga miluzi, wanadai pesa yao. Mama yako aliweza kujaza ukimya wa bahari. Utajaribiwa, Aurélie. Watapiga kelele, "Mama, sema! Anasema nini? Ataamka?" Léonce mwenyewe atapiga kelele. Usijibu. Weka maiki chini, mezani, waone kwamba umeiweka mwenyewe. Blaise, usimnong'oneze kitu, hakuna neno la kutafsiri pale. Kaeni nao. Watatulia. Ikipita dakika moja watatulia, na atakayelia, mwacheni alie, na mtu asiwashe taa upesi. Yaache majina ya waigizaji yapite kwenye kioo mpaka mwisho. La Lozada safari hii linatangulia.

Na mimi, msiniambie chochote kuhusu Krismasi. Yeyote atakayeingia hapa na matunda, mwambieni aseme kwaheri kwanza, ndipo amenye machungwa.

Njooni karibu. Mkono huu, Blaise. Aurélie, huu. Désiré, nawe gusa blanketi, hata wewe.

Mungu aliyewatoa Uvira mkiwa wawili na akawafikisha mkiwa wawili awaweke hivyo. Msigombane mbele ya watu. Mpate kazi zenye majina yenu juu yake. Mpate watu wa kuwauliza mmefika wapi, na mwe na ujasiri wa kuwajibu. Mama yenu... alikuwa hodari. Semeni hivyo, kwa watoto wenu, kwa maneno hayo hayo. Nawabariki kwa jina lake na langu. Nawa...

Basi.

Dirisha liacheni wazi. Hapana, msiseme kitu. Kaeni tu.